Anakoroma Tena! Kipimo cha Usingizi Kirudiwe Lini?

Mwezi huu tunaingia chumbani, ila si kwa yale mliyoyazoea kwenye safu hii. Leo tunazima taa, tunanyamaza, tunasikiliza. Maana kuna ndoa nyingi za vijana siku hizi ambazo mchana zinapendeza kweli, picha kali, mashati ya kufanana, lakini usiku mmoja analala chumbani na mwingine kahamia kwa watoto. Ukiuliza sababu, jibu ni fupi: anakoroma.

Chukulia mfano wa wanandoa wa Kiboriloni, pale nje kidogo ya mji wa Moshi. Bwana ana miaka 38, anauza mitumba, alfajiri yuko sokoni anafungua marobota. Bibie ni mhasibu mjini. Miaka 4 iliyopita bwana alipimwa usingizi baada ya mkewe kulalamika sana. Akaambiwa tatizo lipo, ila ni dogo, apunguze uzito na aache kulala chali. Karatasi ya majibu ikawekwa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wakati ule alikuwa na kilo 82. Tangu hapo biashara imekubali, mangi kanenepa, sasa ana kilo 96. Presha imeanza. Akikaa kwenye kochi saa mbili usiku hamalizi taarifa ya habari, kalala. Na kila mama watoto akigusia suala la kurudi hospitali, jibu ni lile lile: "Si nilishapima? Daktari alisema ni kidogo."

Sasa hapo ndipo penye kasheshe. Daktari hakukosea, na karatasi haikudanganya. Lakini karatasi ile ilisema ukweli wa usiku mmoja, kwa mwili wa kilo 82. Mwili huo haupo tena. Kipimo cha usingizi si cheti cha kuzaliwa ambacho ukishakipata kinatosha maisha yako yote. Kuna wakati lazima kirudiwe, na kuna wakati kukirudia ni kupoteza hela tu. Mwezi huu tujue tofauti.

KWANZA, KINACHOPIMWA NI NINI?

Tatizo lenyewe ni kukatika pumzi usingizini. Wataalamu wanaliita apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine njia ya hewa inaziba kabisa au inabaki nyembamba sana, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo ili avute hewa. Yeye mwenyewe hakumbuki. Anayekumbuka ni wewe uliyelala pembeni, uliyesikia mkoromo mzito, kisha kimya, kimya, kimya, halafu mtu anavuta hewa kwa kishindo kama aliyetoka kuzama mtoni. Wengine wanaamka wamekabwa na kudhani ni jinamizi.

Kwenye kipimo wanahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana, kwa angalau sekunde 10 kila mara. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa haina shida. Kuanzia 5 hadi 14 ni hali ndogo. 15 hadi 29 ni ya kati. 30 na kuendelea ni kali. Hebu piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa usingizi wa saa 7, ni mara 210 kwa usiku mmoja. Halafu tunashangaa mtu anaamka na kichwa kinauma, hana hamu ya chakula cha asubuhi wala ya mapenzi.

Vipimo viko vya aina mbili. Kipo kile kikubwa cha kulala kwenye maabara, kinaitwa polisomnografia, ambapo unafungwa nyaya za kupima mawimbi ya ubongo, macho, moyo, pumzi na oksijeni. Na kipo kidogo cha kwenda nacho nyumbani. Hiki cha nyumbani ni rahisi na hakina usumbufu, ila kina kasoro moja ambayo wengi hawaambiwi: vingi havipimi ubongo, kwa hiyo havijui kama ulikuwa umelala au umelala macho wazi unawaza marejesho ya mkopo. Muda wote kimewashwa kinahesabu kama muda wa kipimo. Ukiwa umelala saa 3 tu kati ya 7, majibu yanaweza kutoka mazuri kuliko hali yako ilivyo.

SASA, LINI KIRUDIWE?

Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2021 kuhusu jambo hili hili. Nimeongeza na mengine yanayokubalika, nikayaweka kwa lugha yetu.

1. Majibu yalikuwa mazuri lakini dalili zipo pale pale. Kipimo cha nyumbani kikisema huna kitu, au kikishindwa kusoma vizuri, na bado unakoroma, unakatika pumzi na kusinzia mchana, hatua inayofuata ni kipimo cha maabara. Kusema "sina kitu" na kurudi nyumbani kulala haitoshi. Usiku ule labda hukulala kabisa, labda ulilala ubavu usiku kucha wakati siku zote unalala chali, labda waya ulichomoka saa sita.

2. Uzito umebadilika sana. Hii ndiyo ya yule bwana wetu wa Kiboriloni. Watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walifuatilia watu 690 kwa miaka 4, wakatoa matokeo mwaka 2000. Walioongezeka uzito kwa asilimia 10, idadi ya kukatika pumzi iliongezeka kwa takriban asilimia 32. Waliopungua kwa asilimia 10, ilishuka kwa takriban asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 82, asilimia 10 ni kilo 8 na kidogo. Bwana wetu kaongeza 14. Ile "ni kidogo" ya miaka 4 iliyopita haiwezi tena kutumika kama ngao.

Na inafanya kazi pande zote mbili. Ukipungua sana, usitupe mashine kwa sababu suruali zimelegea. Rudia kipimo kwanza, ndipo daktari aseme uache au upunguziwe presha ya mashine.

3. Umetibiwa kwa njia nyingine isiyo mashine. Kama umefanyiwa upasuaji wa koo, pua au taya, au umetengenezewa kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele, lazima upimwe tena uone kama kimesaidia. Msiridhike na ukimya. Upasuaji unaweza kuondoa kelele ukaacha ugonjwa. Mama anafurahi kwamba sasa chumba kimetulia, kumbe pumzi bado inakatika, ila kimyakimya. Na tukiwa hapo hapo: kukata kimeo kienyeji si tiba ya kukoroma. Watu wametokwa damu nyingi na kupata maambukizi kwa ajili hiyo. Acheni kabisa.

4. Unatumia mashine vizuri lakini umechoka vile vile. Mashine ya CPAP inasukuma hewa kwa presha ili koo lisizibe. Ukiivaa kila usiku na bado unasinzia mchana au umeanza kukoroma ndani ya barakoa, rudi kwa daktari. Ila kabla ya kipimo kipya aanze na taarifa zilizomo ndani ya mashine: umeivaa saa ngapi, hewa inavuja kiasi gani, pumzi inakatika mara ngapi. Mara nyingine dawa ni kubadilisha barakoa tu. Takwimu zikiwa hazieleweki, hapo kipimo kina maana.

5. Moyo umeingia kwenye hadithi. Umepata kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi vizuri, au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio baada ya kipimo cha kwanza? Mwambie daktari wako wa moyo kwamba una historia ya kukatika pumzi usingizini. Hata presha inayogoma kushuka wakati unameza dawa tatu ni sababu ya kuulizia usingizi wako.

Akina dada, msidhani haya ni ya waume zenu. Kwa wanawake wengi tatizo halina kelele nyingi. Linakuja kama uchovu usioisha, kichwa kuuma asubuhi, kukosa usingizi, hasira za karibu. Kwa hiyo wanaambiwa ni mawazo. Hatari inaongezeka wakati wa ujauzito na baada ya hedhi kukoma. Ukiwa mjamzito na umeanza kukoroma sana, waambie kliniki, hasa kama presha nayo imepanda. Kipimo cha kabla ya mimba hakisemi chochote kuhusu mwili ulio nao sasa.

LINI USIJISUMBUE?

Hapa tuokoe hela. Kama unatumia mashine, umelala vizuri, mchana uko fiti, uzito uko pale pale na taarifa za mashine ziko safi, mwongozo ule ule wa 2021 unasema hakuna haja ya kurudia kipimo kwa mazoea tu, eti kwa sababu mwaka umeisha. Nenda kwa daktari kwa ukaguzi wa kawaida, inatosha.

Usikimbilie pia kupima kwa sababu ya usiku mmoja mbaya. Mafua yakiziba pua kila mtu anakoroma. Na nyie mnaopanda Old Moshi, Kibosho au Marangu kila Desemba kwa sikukuu mnajua: mbege imezunguka, nyama imeliwa saa nne usiku, watu wanane nyumba moja, asubuhi ukoo mzima unakucheka kwamba umekoroma kama trekta. Pombe inalegeza koo. Acha siku kadhaa zipite bila kunywa, lala kwenye kitanda chako, kisha mwenzio asikilize. Akisema bado, hapo tuna mazungumzo.

MLIMA NAO UNA MAMBO YAKE

Hii ni ya kwetu kabisa. Wapo wapenzi wanaopanda Kilimanjaro kwa fungate au kusherehekea mwaka wa ndoa. Wakifika Horombo, mita 3,720, au Kibo Hut, mita 4,720, usiku mmoja anamsikia mwenzie anapumua haraka haraka, halafu pumzi inakata sekunde kadhaa, halafu anaanza tena. Hofu inaingia.

Juu kule hewa ni nyepesi na oksijeni ni kidogo, hivyo ubongo unachanganyikiwa kuhusu lini uamuru pumzi inayofuata. Hutokea hata kwa watu wazima wenye afya njema, na koo halijaziba. Ni tofauti na ugonjwa tunaouzungumzia. Mkishuka, mara nyingi inaisha. Kwa hiyo pumzi iliyokata Kibo Hut peke yake si sababu ya kurudia kipimo. Ikiendelea mkiwa mmelala Kiboriloni, nyumbani, wiki mbili baadaye, hiyo ni sababu. Na kama tayari una apnia na unataka kupanda, mwone daktari kabla ya kulipia safari, usisubiri kumuuliza mwongoza watalii getini. Huko juu, mtu mwenye kichwa kinachouma sana, anayeyumba akitembea au anayekosa pumzi akiwa amepumzika anashushwa mara moja. Hapo hakuna kusubiri asubuhi.

MASHINE SI KOTI LA MITUMBA

Kiboriloni tunajua kuchagua mitumba, tena grade one. Lakini kuna kitu kimoja ambacho usikichague kwa macho: mashine ya CPAP iliyotumika. Siku hizi ndugu aliye nje anaweza kumtumia kaka yake mashine yake ya zamani, kwa upendo kabisa. Shida ni mbili. Kwanza, presha ilipangwa kwa koo la mtu mwingine. Pili, Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa inaweza kumong'onyoka, na mtumiaji akavuta chembe zake au gesi. Mashine ya zamani iliyopita mikono mitatu huwezi kujua historia yake. Ukitumiwa, ipeleke kwa daktari pamoja na namba yake ya utambulisho ikaguliwe, na upangiwe presha kwa kipimo chako wewe.

Na aibu ya barakoa tuiache. Juni 2023 Ikulu ya Marekani ilithibitisha kwamba Rais wa wakati ule, Joe Biden, alikuwa anatumia CPAP, baada ya waandishi kuona alama za mikanda usoni mwake. Kama rais alilala nayo, mangi naye anaweza.

UTAMWAMBIAJE?

Hapa ndipo ndoa nyingi zinakwama. Ukimwambia mwanaume mbele ya mashemeji "huyu anakoroma kama nguruwe", atajitetea mpaka kesho. Kitambi kwake ni dalili ya mambo kumnyookea, na wewe umekigeuza ugonjwa. Ongea naye mkiwa wawili, mchana, kashiba, katulia. Mwambie ulichokiona na ulichokisikia moyoni: "Baba watoto, jana usiku ulinyamaza nikahesabu mpaka kumi na tano. Niliogopa. Nilikugusa nione kama bado uko hai." Maneno hayo hayana dharau ndani yake. Mwanaume anayempenda mkewe hawezi kuyapita hivi hivi.

Na wewe kaka, mkeo akikuambia hivyo, usimrushie karatasi ya miaka 4 iliyopita. Wewe ulikuwa umelala. Shahidi ni yeye.

Omba ruhusa umrekodi kwa simu, dakika mbili tatu zinatosha. Video hiyo ni ya daktari. Si ya status, si ya kundi la ukoo la WhatsApp. Andikeni pamoja kwenye karatasi: tarehe ya kipimo cha kwanza, kilifanyika nyumbani au maabara, namba iliyotoka, uzito wa siku ile na uzito wa leo, dawa mpya, magonjwa mapya, na ni mara ngapi amesinzia mahali ambapo hakupaswa. Nendeni wote wawili. Kwa watu wa Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko hapo hapo mjini, anzeni na madaktari wa masikio, pua na koo au wa magonjwa ya ndani. Vipimo vya usingizi havipatikani kila hospitali nchini, kwa hiyo ulizeni mapema mtapimiwa wapi, kwa kipimo gani, na bima yenu inalipia kiasi gani.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri foleni ya kipimo. Kama umeshawahi kusinzia ukiwa umeshika usukani, iwe ni kwenda Himo kufuata mzigo au barabara ya Arusha ya kilomita 80 unayoijua kama kiganja chako, acha kuendesha kuanzia leo. Mpe mwingine funguo au panda basi. Kipimo kinaweza kusubiri wiki tatu. Lori linalokuja mbele yako halisubiri hata sekunde mbili.

Basi wapenzi, leo usiku kabla hamjalala, fungueni lile kabati. Itoeni ile karatasi, someni tarehe, kisha pandeni kwenye mizani. Kama tarakimu zimepishana sana, kesho pigeni simu hospitali. Na wewe uliyehamia kwa watoto, beba mto wako urudi. Siku chache tu, usikilize vizuri, ili mkifika kwa daktari awepo mtu wa kusema ukweli.

Laleni salama. Tukutane mwezi ujao.